MUUZAJI WAKO ANA FUNGUO NGAPI NDANI YA MFUMO WA DUKA?

Somo la leo linahusu kitu ambacho wengi tukishafungiwa programu ya mauzo hatukiulizi tena: nani anaruhusiwa kufanya nini mle ndani?

Kariakoo ya sasa daftari linapungua. Kuanzia fremu za Mtaa wa Kongo mpaka maghorofa ya Aggrey na Likoma, mauzo, madeni na mzigo wa stoo vinaingia kwenye kompyuta au simu. Pale rekodi zote zinapotunzwa panaitwa kanzidata. Ichukulie kama stoo tu: ina mlango, ina funguo, na kuna watu wameshika hizo funguo. Hatari tunayoisoma leo ni mtu uliyempa ufunguo wa kaunta, halafu unakuta anafungua mpaka kabati la bosi. Yaani amejipandisha cheo ndani ya mfumo na wewe hujui.

ANAPANDAJE?

1. Kwa neno la siri la bosi. Uko Guangzhou kufuata mzigo, mteja dukani anataka punguzo, mfumo unakataa mpaka bosi aruhusu. Unatuma neno lako la siri WhatsApp, "fanya haraka". Mteja anaondoka na mzigo wake, lakini neno la siri linabaki kwenye simu ya dogo. Kuanzia hapo mabosi mko wawili.

2. Kwa ruhusa ya kutoa ruhusa. Unampa msimamizi uwezo wa kusajili wauzaji wapya. Kama programu haimwekei mpaka, anaweza kusajili akaunti yenye cheo kama chako na kuitumia mwenyewe. Ndiyo maana hii ruhusa ni nzito kuliko ya kushika pesa.

3. Kwa ruhusa mbili ndogo zinazozaa moja kubwa. Hii ndiyo inatupiga sana. Muuzaji kauza doti 10 za kanga kwa Sh 15,000, kapokea Sh 150,000 taslimu. Jioni anarekebisha mauzo yasomeke doti 7, anatia mfukoni Sh 45,000. Akiwa na ruhusa hiyo peke yake utamkamata, kwa sababu mfumo utasema stoo kuna doti 3 ambazo hazipo. Ila kama ana ruhusa ya kurekebisha stoo pia, anaandika "doti 3 zimeharibika" na hesabu inakaa sawa. Mara nyingi hali hii inakuja polepole: mtu alianza kaunta, akahamia stoo, kila akihama anaongezewa ruhusa na za zamani hazifutwi.

4. Kwa simu ya duka. Ukibonyeza "nimesahau neno la siri", mfumo unatuma namba za kuthibitisha kwenye laini iliyosajiliwa. Kama laini hiyo iko kwenye simu inayolala kaunta, yeyote anayeishika anaweza kubadilisha neno la siri lako.

5. Kwa mlango wa nyuma. Fundi aliyekufungia mfumo huwa ana akaunti yake. Pia kama faili la kanzidata liko kwenye kompyuta ya kaunta bila ulinzi, mjuzi anaweza kulifungua bila kupitia programu. Huko hakuna bosi wala muuzaji, anayeingia anabadilisha anachotaka.

WAKUBWA NAO YANAWAKUTA

Benki Kuu ya Bangladesh ilianza kuvamiwa kwa barua pepe za kuomba kazi zenye virusi, zilizotumwa kwa wafanyakazi wa kawaida. Wezi wakasogea taratibu mpaka kwenye kompyuta za kutuma malipo ya kimataifa. Februari 2016 walijaribu kuhamisha karibu dola bilioni 1, na dola milioni 81 zikaishia Ufilipino. Waliingilia kwa mtu wa chini, wakatokea juu.

Jirani zetu Uganda, Oktoba 2020, huduma ya kuhamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu ilisimamishwa. Stanbic, MTN na Airtel walitoa tangazo la pamoja kwamba tatizo lilitokea kwenye mfumo wa mtoa huduma wa nje. Kwa hiyo hata akaunti ya fundi wako ihesabu kama mlango wa duka lako.

FANYA HIVI WIKI HII

- Kila mtu awe na akaunti yake. Ya kwako usimpe yeyote, hata ndugu.
- Mpe mtu ruhusa za kazi anayofanya leo tu. Akihama kitengo, futa za zamani kwanza.
- Anayerekebisha mauzo asiwe anayerekebisha stoo.
- Laini inayopokea namba za kuthibitisha ikae na wewe.
- Akaunti ya fundi ifungwe, ifunguliwe siku ya kazi tu. Neno la siri alilokuja nalo badilisha.
- Ingia kwa akaunti ya muuzaji, jaribu kufuta risiti, kushusha bei, kuongeza mtumiaji. Kinachokubali ambacho hukukitarajia, kifunge.
- Kila jioni linganisha mauzo ya mfumo na ripoti ya Z ya mashine ya EFD pamoja na taarifa ya Lipa Namba. Hizo muuzaji hawezi kuzirekebisha kutoka kwenye programu yako.
- Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, na hata kuendelea kuutumia baada ya muda wa ruhusa kuisha. Ila sheria inakuja baada ya hasara, kufunga akaunti ni dakika mbili.

La mwisho. Wauzaji watatu wakitumia akaunti moja, pesa ikipotea wote ni wezi. Utamfukuza mmoja kwa hisia, pengine ndiye aliyekuwa mwaminifu, na mwizi umebaki naye kaunta. Akaunti ya kila mtu inalinda mtaji wako, na inalinda jina la kijana wa watu.

Mtumie na jirani yako wa fremu. Biashara njema.