Nyaya Tatu za Kuusaidia Moyo

Ndugu msomaji wa Mabogini, wewe unaijua kazi ya maji. Maji ya mito ya Rau na Njoro huja kwa mfereji mkuu. Kisha hugawanywa katika mifereji midogo mpaka yafike kwenye majaruba ya mpunga. Mfereji mmoja ukiziba, majaruba ya upande huo hupata maji kwa kuchelewa.

Moyo nao una mifereji yake. Mifereji hiyo haipitishi maji. Hupitisha umeme mdogo sana. Umeme huo huanzia sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia. Kisha hushuka kwa njia mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Ukifika, nyama ya moyo hujikaza na kusukuma damu. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika.

Njia ya kushoto ikiharibika, umeme huchelewa kufika huko. Upande wa kulia unajikaza, wa kushoto bado. Ni kama watu wawili wanaosukuma mkokoteni uliokwama katika tope. Mmoja anasukuma wakati mwenzake amepumzika. Mkokoteni hautoki.

Moyo wa namna hii huchoka na kupanuka. Miguu huvimba. Mgonjwa hawezi kulala bila kuongezewa mito. Usiku hushtuka akitafuta pumzi. Majirani husema amerogwa, na siku zinapita bure.

Mgonjwa huyo apelekwe zahanati, naye mganga atampa barua ya kwenda hospitali kubwa. Hapo Moshi tunayo KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi. Mgonjwa hubandikwa vibandiko mwilini, na mashine huchora mistari kwenye karatasi. Mistari hiyo humwonyesha daktari kama upande mmoja unachelewa. Dawa ndizo hutangulia, na wengi huendelea vizuri kwa dawa peke yake.

Dawa zikishindwa, na mistari ikionyesha huo uchelewaji, daktari anaweza kushauri betri ya moyo yenye nyaya tatu. Betri za moyo hupandikizwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Uliza gharama na bima kabla ya kupanda basi, maana kifaa hiki ni ghali.

Betri huwekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga. Nyaya hupitishwa ndani ya mshipa wa damu mpaka kwenye moyo. Wa kwanza hukaa chumba cha juu cha kulia. Wa pili hukaa chumba cha chini cha kulia. Wa tatu ndio wenye kazi ngumu. Lazima uufikie upande wa kushoto, lakini kwa kawaida hauingizwi ndani ya chumba cha kushoto. Damu ikiganda juu ya waya huko, bonge linaweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo daktari huupitisha katika mshipa unaozunguka nyuma ya moyo. Baada ya hapo betri hupeleka umeme pande zote mbili kwa pamoja. Wale wawili wa mkokoteni sasa wanasukuma kwa sauti moja.

Tusidanganyane. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hapati nafuu kubwa. Na mwenye betri huendelea kumeza dawa zake.

Tuseme shemeji yako amerudi nyumbani na betri. Wiki za kwanza waya haujashika vizuri. Asiinue mkono wa upande huo juu ya bega, wala asishike jembe, hata kama ni msimu wa kupandikiza mpunga. Waya ukihama, upande wa kushoto utachelewa tena. Akipata kwikwi zisizoisha au tumbo likirukaruka, huenda waya unagusa mshipa wa fahamu. Mara nyingi daktari hurekebisha kwa mashine, bila kupasua. Kidonda kikitoa usaha, au homa ikipanda, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Asipake majani.

Simu asiiweke mfuko wa shati upande wa betri. Mashine ya kuchomelea vyuma akae nayo mbali. Kadi ya betri aibebe kila aendako, na amwonyeshe kila daktari kabla ya kupimwa chochote.