Somo la Afya: Mwanafunzi wa Udaktari na Mgonjwa wa Ngozi

Katika somo la juma hili twataka kusema juu ya jambo lisilotibiwa kwa sindano, nalo ni aibu inayompata mtu mwenye maradhi ya ngozi, na jinsi madaktari wa kesho wanavyoweza kufundishwa kuipunguza. Maradhi ya moyo au ya ini mtu aweza kuyaficha mpaka apende mwenyewe kuyasema. Lakini choa, mbalanga, ukurutu na ukoma huonekana na kila apitaye njiani. Wapo watu walioachwa na wake zao au waume zao kwa sababu ya doa lisilouma wala kuambukiza. Mbalanga, kwa mfano, haimwambukizi mtu yeyote kabisa.

Yafaa wasomaji wajue kwamba aibu hii haikujengwa na wajinga peke yao. Madaktari wenye vyeti nao walishiriki. Tazama habari za Japani. Sheria ya kwanza juu ya kuwatenga wenye ukoma ilitungwa huko mwaka 1907, nayo ikakazwa mwaka 1931 ili iwapate wagonjwa wote. Katika miaka ya 1940 dawa ya kutibu ukoma ilipatikana, na mtu angedhani kwamba milango ingefunguliwa. Sivyo. Mwaka 1953 sheria ilitungwa upya, na baadhi ya madaktari wakubwa wa ukoma walikuwa wamewashauri wabunge kwamba kutenga kuendelee. Haikufutwa mpaka mwaka 1996, na mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba serikali iliwakosea wagonjwa hao. Elimu ya dawa ilikuwapo. Kilichokosekana ni elimu ya namna nyingine.

Mambo ya kitabuni si magumu. Kijidudu cha ukoma kiligunduliwa na Dr. Hansen wa Norway mwaka 1873. Inaaminika kwamba huenezwa kwa matone ya pua na kinywa cha mgonjwa asiyetibiwa, kwa watu waliokaa naye karibu kwa muda mrefu, na watu walio wengi miili yao hukishinda wenyewe. Ugonjwa huchukua miaka 5 hivi kabla ya kuonekana, na pengine hata 20. Dawa zake ni rifampisini, dapsoni na klofazimini, zimezwazo kwa miezi 6 au 12, na tangu mwaka 1995 hutolewa bure duniani kote. Mgonjwa akianza dawa, baada ya muda mfupi tu hawezi tena kumwambukiza mtu. Wala maradhi haya hayajatoweka: mwaka 2023 wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 waliandikishwa duniani.

Mwanafunzi aweza kuyajua yote hayo, akayaandika vizuri katika mtihani, na hata hivyo akaurudisha mkono wake nyuma anapoingia mgonjwa wa kwanza. Mgonjwa huona mara moja, kwa maana amezoea kuitazama mikono ya watu. Kwa hiyo mafunzo haya hayana budi kuanzia mkononi. Bahati njema ni kwamba ukoma hauwezi kupimwa kwa macho tu. Mwanafunzi huchukua uzi mwembamba wa pamba, humwonyesha mgonjwa jinsi utakavyotumiwa, kisha humwomba afumbe macho na kuonyesha kwa kidole kila mahali anapoguswa. Pale penye doa lililokufa ganzi mgonjwa hataonyesha kitu. Baadaye mwanafunzi hupapasa mishipa ya fahamu, hasa ule upitao nyuma ya kiwiko upande wa ndani, apate kujua kama umekuwa mnene. Kazi hiyo yataka vidole vyenyewe, na pia yataka maneno: "Mzee, niruhusu niushike mkono wako."

Juu ya glavu, mwalimu aseme wazi. Kwa ngozi kavu isiyo na kidonda, kunawa mikono kwatosha. Glavu ni za kidonda kinachotoa maji au damu, na za upele, ambao kweli huambukiza kwa kugusana. Mwalimu avaaye glavu kwa kila mgonjwa wa ngozi, bila kueleza sababu, amekwisha kufundisha somo baya kabla hajafungua kinywa.

Hapa ndipo pia pa kusahihisha uvumi wa kwamba ukoma hula vidole. Dr. Paul Brand, aliyekuwa daktari wa upasuaji huko Vellore, India, katika miaka ya 1940 na 1950 alionyesha kwamba mkono usiohisi huungua kwa sufuria na kukatwa na jembe bila mwenyewe kujua, na ni majeraha hayo yanayopuuzwa ndiyo yanayoviharibu vidole. Mwanafunzi akilielewa hilo, hatamtazama tena mgonjwa kama mtu anayeoza. Atamfundisha kushika sufuria kwa kitambaa na kuikagua mikono yake kila jioni.

Kuna desturi moja ya hospitali nyingi ambayo sisi hatuipendi hata kidogo: kumvua mgonjwa nguo mbele ya wanafunzi ishirini, huku mwalimu akisema juu ya "kesi hii". Wanafunzi watatu wanatosha, mgonjwa akiwa ameombwa na kukubali, na aitwe kwa jina lake. Mkutano wa wataalamu wa ukoma uliofanyika Havana mwaka 1948 ulishauri kwamba jina la kumwita mtu kwa ugonjwa wake liachwe. Kwa Kiswahili twasema "mtu mwenye ukoma", wala si "mkoma".

Kisha mwanafunzi afundishwe kuuliza. Mwaka 1994 madaktari wawili wa Cardiff, Finlay na Khan, walitoa maswali 10 ya kumwuliza mgonjwa wa ngozi juu ya juma lililopita: je, alijiona na aibu? Je, ngozi ilimfanya achague nguo za kujificha? Ilimzuia kwenda dukani, au kazini, au kukaa na rafiki zake? Majibu hupewa hesabu, na jumla yake haizidi 30. Msichana mwenye doa moja shavuni aweza kupata hesabu kubwa kuliko mzee mwenye magamba mgongo mzima, na daktari asiyeuliza hatajua kamwe.

Katika Afrika ya Mashariki kipo kituo cha kufundishia elimu hii huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC. Kilianzishwa mwaka 1992, nacho huwapokea matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Faida yake si ndogo, maana vitabu vingi vya ng'ambo vimejaa picha za ngozi nyeupe, na husema "wekundu" pale ambapo juu ya ngozi nyeusi daktari ataona weusi au rangi ya zambarau tu.

Jambo moja zaidi wanafunzi hulisahau. Klofazimini hubadili rangi ya ngozi ikawa nyekundu-nyeusi, na majirani huanza kunong'ona. Mgonjwa asiyeonywa hudhani ugonjwa umezidi, akazitupa dawa. Aambiwe siku ya kwanza, yeye pamoja na watu wa nyumbani akipenda, kwamba rangi hiyo hufifia polepole dawa zikiisha. Na watu hao wa nyumbani wapaswa kupimwa. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri kwamba wapewe rifampisini mara moja kama kinga. Lakini gari lenye maandishi ya hospitali likisimama mlangoni, kijiji kizima kitajua kabla ya jua kutua. Kwa hiyo mwanafunzi amwulize mgonjwa kwanza ni nani aambiwe, na mahali gani watakutana.