Ngoma ya Baridi

Mzee mwenye ngoma aliinamia dirisha la gari, akasikiliza kwa muda, kisha akatikisa kichwa. "Hii si ngoma yangu, mwanangu. Hii ni ngoma ya baridi."

Tulikuwa Newala, karibu na Shimo la Mungu, pale Uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kutanda chini hadi Msumbiji. Saa moja nyuma nilikuwa nimerekodi kwa simu kipande cha ngoma ya sindimba aliyoipiga yeye na wenzake. Rafiki yangu mwenye Toyota Noah, aliyenileta kutoka Masasi, alitaka kumwonyesha mzee jinsi redio mpya ya gari lake inavyotoa sauti "kama yenyewe". Mzee akatoa hukumu yake kwa maneno machache, na hukumu hiyo ilikuwa sahihi kuliko alivyodhani rafiki yangu. Nataka kueleza kwa nini, hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani yake imo karibu elimu yote ya sauti ya gari.

Tuanze na ngozi. Kabla ya kucheza, wapigaji walikoka moto wa majani makavu, wakazielekeza ngoma kwenye joto, wakawa wanazigonga kwa vidole na kusikiliza. Ngozi yenye unyevu hulegea. Ikipigwa, inakwenda na kurudi polepole, na sauti yake ni nzito, imefifia. Joto linapoikausha inajikaza, nayo ngozi iliyokaza hurudi haraka zaidi. Huko kwenda na kurudi ndiko tunakokuita mtetemo, na idadi ya mitetemo kwa sekunde moja hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takribani hezi 20 hadi hezi 20,000.

Lakini ngozi haitetemi kwa namna moja tu. Yote kwa pamoja hupanda na kushuka, na hapohapo vipande vyake vidogo hutetema kwa kasi kubwa zaidi, kila kipande kivyake. Mtetemo mkubwa hutoa "du". Mitetemo midogo hutoa "pa", ule mkwaju wa kiganja unaomfanya mchezaji ajue aweke wapi mguu. Ngozi ikiwa baridi, "pa" hufa upesi na "du" hubaki peke yake. Kwa hiyo mzee aliposema ngoma ni ya baridi, alikuwa anatoa kipimo: mitetemo ya juu imepungua, ya chini imezidi.

Je, kosa ni la simu au la gari? Swali hili lazima liulizwe mapema, la sivyo tutatibu mgonjwa asiyeumwa. Nikampa mzee hedifoni, nikacheza rekodi ileile moja kwa moja kutoka kwenye simu. Akatabasamu. "Hapa ni yenyewe. Ndogo, lakini ni yenyewe." Basi simu ilikuwa imepunguza ukubwa wa ngoma bila kuibadilisha tabia. Kosa lilikuwa ndani ya Noah.

Hapo nikamkumbuka msafiri mmoja. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijapoa, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu. Mashine hiyo haikuwa na umeme hata kidogo: mwimbaji aliimba ndani ya pembe, hewa ikatikisa kiwambo, sindano ikachora mitikisiko hiyo kwenye silinda ya nta. Silinda zake zikafika Berlin, kwenye Phonogramm-Archiv, hifadhi ambayo mwaka 1999 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Wataalamu wa hifadhi hiyo walikuwa na tatizo la kimsingi. Silinda ikizungushwa kwa kasi iliyozidi kwa sehemu moja ya kumi, kila sauti hupanda kwa sehemu moja ya kumi, na msikilizaji aliyeko Ulaya hana namna ya kutambua. Dawa yao ilikuwa rahisi na ninaiheshimu sana: waliwaagiza wakusanyaji wapulize filimbi ndogo ya hezi 435 ndani ya pembe kabla ya wimbo. Baadaye, anayesikiliza anarekebisha kasi mpaka filimbi itoe tena hezi 435. Filimbi ikiwa sawa, na wimbo uko sawa.

Sauti sahihi maana yake ni hiyo: kilichotoka kifanane na kilichoingia, na pawepo kitu kinachojulikana cha kupimia. Wengi wetu hupanga redio kwa kufuata wimbo wa studio ambao hatukuwahi kuusikia ukiimbwa, kisha tunabishana kuhusu uzuri. Siku ile Newala tulikuwa na bahati. Mzee ndiye alikuwa filimbi yetu.

Jambo la kwanza tulilokuta kwenye redio ni kwamba besi ilikuwa imepandishwa hadi mwisho. Rafiki yangu akajitetea kwamba bila hivyo besi haisikiki kabisa, tangu fundi alipomfungia spika mpya. Maneno hayo yalinifungua macho. Besi inayopotea baada ya kubadilisha spika karibu kila mara ina sababu moja, na sababu hiyo hupimwa kwa betri ya tochi.

Spika ni koni ya karatasi au plastiki inayosukumwa na sumaku. Umeme ukiingia upande huu, koni hutoka nje. Ukiingia upande wa pili, hurudi ndani. Ikitoka husukuma hewa, ikirudi huivuta. Sasa fikiria spika mbili za milango ya mbele zinapiga "du" moja. Zikitoka pamoja, misukumo miwili ya hewa hujumlishwa. Moja ikitoka huku nyingine ikiingia, mmoja anasukuma na mwingine anavuta, na hewa iliyo katikati haijui imfuate nani. Kwa "du" ya hezi 70, wimbi moja lina urefu wa karibu mita 5, yaani ni refu kuliko chumba cha gari. Ndani ya wimbi refu namna hiyo spika zote mbili ni kama ziko mahali pamoja, na kwa hiyo zinafutana karibu kabisa. Sauti za juu, zenye mawimbi mafupi ya sentimita chache, hazifutani kwa mpangilio huo, zinavurugika tu.

Tukafungua vibao vya milango. Betri ya volti 1.5 iliyogusishwa kwenye waya za mlango wa kulia ikaitoa koni nje. Mlango wa kushoto, kwa waya za rangi zilezile, koni ikaingia ndani. Waya zilikuwa zimebadilishana nafasi nyuma ya spika. Hilo ni kosa la dakika moja, na linaweza kumpata fundi yeyote anayefanya kazi jioni kwa mwanga wa simu. Tukazibadilisha. Besi ikajaa ghafla, na rafiki yangu akalazimika kuishusha mpaka katikati.

Kuishusha kulileta faida nyingine, na hapa naomba uvumilivu wa hesabu kidogo. Kwenye boksi la redio ile paliandikwa wati 50 kwa kila spika. Gari likiwa limezimwa, betri inatoa karibu volti 12. Redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kusukuma wimbi kupita volti hizo. Kilele cha volti 12 ni sawa na wastani wa volti 8.5 hivi. Zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa omu 4 za spika, unapata wati 18. Injini ikiwaka na volti zikafika 14.4, unapata 26. Hamsini hazipo, isipokuwa kama wimbi limekatwa kilele likawa bapa kama meza.

Kupandisha besi kwa desibeli 12 kunadai nguvu mara 16. Kama "du" ilihitaji wati 2, sasa inadai 32, na hazipo. Kilele kinakatwa. Wimbi lililokatwa kilele huzaa mitetemo mipya ya juu ambayo ngoma haikuitoa, ule mkwaruzo tunaousikia kwenye daladala na kuulaumu kwenye spika. Mara nyingi spika haina hatia.

Mzee akaitwa tena. Akasikiliza ameketi kiti cha dereva. Ngoma, akasema, sasa imeanza kupata moto, lakini waitikiaji wa wimbo wamekonda. Aliwajua waitikiaji hao kwa majina, na sauti zao kwa miaka mingi. Sikutarajia ugonjwa wa pili ujitokeze upesi hivyo baada ya kutibu wa kwanza, ingawa ukifikiri, ndivyo ilivyopasa kuwa.

Ukitaka kuuelewa, rudi Masasi. Mji ule umezungukwa na vilima vya mawe matupu. Simama mita 170 kutoka kwenye mwamba, piga makofi, na baada ya sekunde moja hivi makofi yanakurudia, kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 345 kwa sekunde. Ukingoni Newala hali ni kinyume: piga makofi kulielekea bonde, sauti inakwenda zake, hairudi. Gari ni Masasi iliyofinywa. Vioo, dari na dashibodi ni vilima vilivyo nusu mita kutoka kichwani, na mwangwi wake hurudi haraka mno hata sikio haliutenganishi na sauti yenyewe. Linauchanganya humohumo, na mchanganyiko huo hubadili tabia ya sauti.

Sauti za spika mbili nazo huchanganyika hivyohivyo zikifika kwa kupishana, basi tulichukua futi kamba. Kutoka kichwa cha dereva hadi spika ya kulia, sentimita 80. Hadi ya kushoto, sentimita 130. Tofauti ni nusu mita. Sasa tafuta wimbi ambalo nusu yake ni nusu mita: lina urefu wa mita 1, yaani hezi 345. Kwa sauti hiyo, spika ya kulia inapoleta msukumo sikioni, ya kushoto inaleta mvuto, kwa kuwa imechelewa nusu wimbi. Hazifutani kabisa, maana ya karibu ina nguvu zaidi, lakini sauti inapungua sana. Na hezi 345 zimo katikati kabisa ya sauti za watu wanaoimba. Waya zilipokuwa zimegeuzwa, kosa lile lilikuwa linaua besi lakini linaificha kasoro hii.

Redio ilikuwa na sehemu ya kuchelewesha spika mojamoja. Nusu mita kwa mwendo wa sauti ni kama sehemu 1.45 za elfu ya sekunde. Tukaichelewesha ya kulia kiasi hicho, ili sauti mbili zifike pamoja. Nakiri kwamba dawa hii ni ya kiti kimoja: anayekaa kushoto anaharibikiwa zaidi. Gari halina kiti cha haki kwa wote, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Tuliziba pia matundu ya milango yaliyoachwa wazi, kwa kuwa nyuma ya koni kuna wimbi lililo kinyume na la mbele, na likipata njia linakuja kulifuta. Vumbi jekundu la barabara ya kupandia kutoka Masasi lilikuwa limeshatuonyesha matundu yote yalipo.

Haya yote tuliyafanya gari limesimama, injini imezimwa. Mngurumo wa magurudumu kwenye barabara ya udongo uko mlemle kwenye sauti za besi, na sikio linalofunikwa na mngurumo huomba besi zaidi. Ukipanga redio ukiwa njiani, unapanga kwa ajili ya barabara.

Giza lilikuwa limeanza kuingia na baridi ya Newala kushuka. Mzee akaketi mara ya tatu, akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kugonga gotini. Rekodi ilipoisha akaomba irudiwe, na mara hii akainua mkono akionyesha kona ya juu ya kioo cha mbele.

"Ngoma imekaza," alisema. "Waitikiaji wamerudi. Ila hizi njuga, mwanangu, mchezaji anazivaa miguuni. Mbona hapa zinalia juu ya kioo?"

Tukazitazama twita, zile spika mbili ndogo za sauti za juu, zilizobandikwa kwenye nguzo za kioo, zikielekea kioo chenyewe. Rafiki yangu akaenda kutafuta bisibisi.