Nyumba za Watu wa Kesho: Jinsi Mji Unavyopangwa

Katika mji wetu wa Ifakara iko kata iitwayo Viwanja Sitini. Kila siku twalitaja jina hilo, lakini ni wachache wanaosimama kulifikiri. Jina lenyewe lataja viwanja, na kiwanja ni ardhi iliyopimwa ikawekewa mipaka kabla mtu hajachimba msingi. Leo tutajifunza kazi hiyo: namna mji unavyojua idadi ya nyumba zitakazohitajiwa miaka ijayo, na mahali pa kuziweka.

Jambo la kwanza ni kuhesabu watu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2002, Wilaya ya Kilombero ilikuwa na watu 321,611. Mwaka 2012 walikuwa 407,880. Ukipiga hesabu utaona kwamba kila mwaka watu waliongezeka kwa kadiri ya 2.4 katika kila mia. Ongezeko hilo laonekana dogo, lakini watoto waliozaliwa mwaka jana nao watazaa, na kwa mwendo huo watu huwa mara mbili kwa muda wa miaka thelathini hivi.

Jambo la pili ni kuhesabu kaya, maana watu hawakai mmoja mmoja. Mwaka 2002 kaya moja ya Tanzania ilikuwa na watu 4.9 kwa wastani. Mwaka 2022 ilikuwa na watu 4.3.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mji fulani una watu 43,000. Ukigawanya kwa 4.3 utapata kaya 10,000. Wakiongezeka kwa 2.4 katika mia kila mwaka, baada ya miaka 20 watakuwa kama 69,000, yaani kaya 16,000. Kwa hiyo mji huo hauna budi kupata makao ya kaya 6,000 zaidi. Tukiipa kila kaya kiwanja cha meta 20 kwa 20, twahitaji hekta 240 za viwanja. Tena tukitenga theluthi moja ya eneo lote kwa barabara, mifereji, shule, zahanati, soko, makaburi na uwanja wa michezo, eneo lote litakuwa hekta 360, ambazo ni karibu ekari 900.

Bila shaka hesabu hii ni ya kujifunzia. Katika miji yetu nyumba moja ya vyumba sita yaweza kuwa na wapangaji wa kaya tatu au nne, na hao hawahitaji viwanja vinne. Lakini angalia jambo moja. Watu wale wale 69,000, wakikaa wanne wanne, ni kaya 17,250. Idadi ya watu haikuongezeka hata mmoja, lakini kaya zinazotaka makao zimezidi kwa zaidi ya elfu moja. Ndiyo maana mpangaji wa mji hatosheki kuuliza watu ni wangapi; huuliza pia wanakaaje, nani ataoa, nani atahamia, na nani ana uwezo wa kujenga au wa kupanga tu.

Tena watu huenda panapopitika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita Ifakara na Mlimba ikawaleta wageni bondeni. Mwaka 2018 lilifunguliwa Daraja la Magufuli lenye urefu wa meta 384 juu ya mto Kilombero, mahali ambapo zamani watu walingoja kivuko. Njia ikifunguka, biashara hufuata, na nyumba hufuata biashara.

Jambo la tatu ni ardhi yenyewe, na hapa ndipo penye ugumu wetu. Ifakara iko kati ya milima ya Udzungwa na mto Kilombero. Maji ya milimani hushuka kwa mto Lumemo hata mjini. Katika masika ya mwaka 2024 mto huo ulifurika, maji yakaingia katika makazi ya watu. Wengi wetu hatuhitaji kusimuliwa jambo hilo.

Wazee wa bonde hili walikuwa na mpango wao. Mpunga ulilimwa bondeni penye maji, na wakati wa kulima na kuamia ndege watu walihamia huko wakakaa katika vibanda na madungu. Mavuno yakiisha walirudi kwenye nyumba zao palipoinuka. Hawakuwa na ramani ya karatasi, lakini walijua kwamba mahali pa chakula na mahali pa kulala si lazima pawe pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo yakataza shughuli za kudumu za binadamu katika meta 60 kutoka ukingo wa mto. Hizo meta 60 si ardhi iliyosahauliwa na serikali. Ni chumba cha mto. Ukimnyang'anya mwenye chumba nafasi yake, siku atakayorudi atakukuta kitandani.

Yafaa tutazame walikotutangulia wenzetu. Huko Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja kwanza, barabara zikaachiwa nafasi, ndipo watu wakajenga. Manzese watu walikuwa wamekwisha kujenga, na wakati huo huo ilibidi njia na mabomba yapitishwe kati ya nyumba zilizosimama. Kazi zote mbili zilifanyika, lakini ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila meta ya barabara hutoka katika ua wa mtu. Kisha mnamo Desemba 2011 bonde la mto Msimbazi lilifurika, na mwaka uliofuata familia kadha zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na mahali walipozoea kupata riziki.

Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000 katika jiji hilo hilo. Mradi huo ulionyesha kwamba viwanja vingi vyaweza kupimwa kwa pamoja. Lakini ulionyesha pia kwamba kiwanja kisichokuwa na maji, wala shule, wala usafiri hukaa miaka mingi kikiota majani. Kupima ni nusu ya kazi tu.

Neno moja kwa wazazi. Zile ekari 900 za mfano wetu hazitoki angani. Pembeni mwa mji hapana ardhi isiyo na mwenyewe. Pana mashamba ya mpunga, na mpunga ndio ada ya shule ya wengi waliomo humu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema kwamba anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa haraka. Basi mkutano wa mtaa ukiitwa kwa habari ya ramani, tusiwaachie wengine. Anayekaa nyumbani siku ya mkutano hana la kusema siku ya kuwekwa mawe ya mipaka.

Na neno moja kwenu wanafunzi. Mpango wa mji hutazama mbele kadiri ya miaka 20. Wewe mwenye miaka 15 leo, wakati huo utakuwa na miaka 35, una kaya yako na watoto wako. Wale watu wa kesho wanaohesabiwa wako tayari. Wameketi madarasani, na mmoja wao ndiye anayeusoma ukurasa huu.

Maswali ya kujijaribu

1. Kama mji una watu 21,500, na kila kaya ina watu 4.3, una kaya ngapi? Wakikaa wanne wanne, zitakuwa kaya ngapi?
2. Chora ramani ya mtaa wako. Onyesha njia ya maji wakati wa masika, na nyumba zilizo karibu nayo.
3. Mwulize mzee mmoja wa jirani: zamani watu hawakujenga wapi, na kwa nini?