Kurithi Mali na "Kurithi" Mjane: Kitenzi Kimoja, Migogoro Miwili

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza kitenzi "rithi" kinavyotumika matangani na katika tamthilia ya Natala ya Kithaka wa Mberia (1997). Mfano wetu ni Kaloleni, mtaa wa Kisumu ambamo Kiswahili hukutana na Dholuo, na Waislamu ni majirani wa Wakristo. Hoja yetu ni kwamba baadhi ya migogoro ya mirathi hupata nguvu kutokana na lugha: anayefanywa shamirisho ni vigumu kusikika akidai haki ya kiima.

2.0 Kitenzi na shamirisho yake

"Rithi" lina asili ya Kiarabu, sawa na "mirathi" na "warithi". Katika "amemrithi baba yake", shamirisho ni aliyeacha mali. Katika "amemrithi mke wa nduguye", shamirisho ni mjane, naye amegeuka kuwa sehemu ya mali yenyewe. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, ila ya pili inampanga mtu pamoja na ng'ombe, mashua na shamba.

Dholuo hakisemi hivyo. Neno lake ni "tero", yaani kuchukua, na mwanamume anayemchukua mjane huitwa "jater". Kwa desturi, watoto watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu, na ardhi ya marehemu ni ya wanawe. Jater ni mlezi wa boma, si mmiliki. Tafsiri ya Kiswahili ndiyo iliyomvika joho la mrithi.

3.0 Ushahidi wa Natala

Katika Natala, Wakene anamtaka mke wa nduguye Tango, anayedhaniwa kuwa amekufa, na papo hapo analimezea mate shamba. Madai hayo mawili yamefungwa pamoja: akimpata mke, amepata ardhi. Natala anakataa yote mawili. Tango anaporejea akiwa hai, kinaya kinakamilika, kwani Wakene alikuwa aking'ang'ania urithi usio na marehemu.

4.0 Sheria inavyosema

Sheria ya Urithi ya Kenya (Sura ya 160), iliyoanza kutumika 1981, inakataza katika kifungu cha 45 kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Kifungu cha 66 kinamtanguliza mke au mume aliyebaki miongoni mwa wanaofaa kupewa usimamizi wa mirathi.

Waislamu waliondolewa chini ya sehemu kubwa ya sheria hiyo na marekebisho ya 1990. Kwa Kadhi, mjane hupata thumni iwapo marehemu ameacha watoto, na robo iwapo hakuacha. Isitoshe, aya ya 19 ya Suratun-Nisaa inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Katika mifumo yote miwili, mjane anarithi, harithiwi.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza wakalimani wa mabaraza na mahakama waliache neno "tero" lilivyo, kisha walieleze, badala ya kulitafsiri kuwa "kurithi". Nasi wanafunzi wa fasihi, tunapohakiki matini za aina hii, tuulize: nani anarithi, anarithi nini, na kutoka kwa nani? Wazee wakiulizwa hivyo mbele ya mjane, dai la shamba litalazimika kusimama peke yake, bila kujificha nyuma ya desturi ya kulea boma.