Bafa: Sakiti Ndogo Inayookoa Sauti Nzito

Ilimba ya Wagogo ina sauti tamu lakini ndogo. Ikipigwa uani husikika vema. Ikipigwa katika ukumbi uliojaa watu, walio nyuma huona vidole vya mpigaji tu. Tiba inayopendwa na mafundi ni kubandika kisahani cha piezo, kama kile kitoacho mlio ndani ya saa ya kengele, kwenye ubao wa ala hiyo. Kisahani hugeuza mitetemo ya ubao kuwa volteji, na waya huipeleka volteji hiyo kwenye amplifaya. Mara nyingi matokeo huvunja moyo: spika hutoa mlio mwembamba kama wa kopo tupu, na noti nzito hazisikiki. Lawama huangukia kisahani, na pengine fedha hutumika kununua amplifaya kubwa zaidi, ambayo hutoa mlio uleule mwembamba kwa kelele zaidi.

Kosa halimo katika kifaa kimojawapo. Limo katika maungano yao.

Kila chanzo cha volteji kina kizuizi chake cha ndani dhidi ya mkondo geu. Kizuizi hicho huitwa impidansi, na hupimwa kwa omu kama ukinzani wa kawaida. Ingizo la amplifaya nalo lina impidansi yake. Viwili hivyo vikiunganishwa hugawana volteji, na kilicho na impidansi kubwa hujitwalia sehemu kubwa. Mwanafunzi aliyewahi kupima volteji maabara amekwisha kukutana na jambo hili: voltmeta yenye ukinzani mdogo husoma pungufu, kwa kuwa yenyewe huvuta mkondo na kuishusha volteji ileile inayotaka kuipima.

Kisahani cha piezo, kwa tabia yake ya umeme, ni kapasita. Chenye kipenyo cha milimita 27 huwa na kapasitansi ya nanofaradi 20 hivi. Impidansi ya kapasita ni 1/(2πfC), ambapo f ni marudio, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kwa noti ya hezi 200 hesabu hutoa takriban omu 40,000. Kwa hezi 2,000, omu 4,000 tu. Na tuseme ingizo la amplifaya ni omu 10,000. Volteji ya kapasita na ya ukinzani hupishana kwa pembe ya digrii 90, hivyo hujumlishwa kwa kanuni ya Pythagoras. Katika hezi 200 jumla ya impidansi ni omu 41,000, na amplifaya hupata robo tu ya volteji. Katika hezi 2,000 jumla ni omu 10,800, na amplifaya hupata zaidi ya sehemu tisa za kumi. Hapo ndipo sauti nzito ilipopotelea.

Dawa yake ni bafa, sakiti iwekwayo kati ya chanzo na amplifaya. Bafa haikuzi volteji; itokayo hulingana na iingiayo, au hupungua kidogo. Kazi yake ni kuipokea volteji ya kisahani karibu bila kuvuta mkondo, kisha kuitoa upya kwa nguvu za betri. Wengine hushikilia kwamba chanzo na mzigo lazima viwe na impidansi sawa. Kanuni hiyo ni ya kupitisha nguvu nyingi kabisa. Anayetaka kupitisha volteji hutafuta ingizo linalozidi chanzo mara kumi au zaidi.

Transista moja ya FET, kama 2N5457, na betri ya volti 9 zinatosha. Rezista mbili za omu 100,000 huigawa volteji ya betri nusu kwa nusu. Kutoka katikati yake, rezista ya mega-omu 1 huenda kwenye geti, na kisahani huunganishwa kati ya geti na upande hasi wa betri. Dreni huungwa na upande chanya. Sosi hushuka hadi upande hasi kupitia omu 10,000, na sauti huchukuliwa hapo kwenye sosi kupitia kapasita ya mikrofaradi 10. Ingizo sasa ni mega-omu 1, na katika hezi 200 upungufu haufiki sehemu moja ya elfu. Transista ya kawaida hudanganya kidogo hapa: ikikuza mkondo mara 200, rezista yake ya emita ya omu 10,000 huonekana kwenye besi kama mega-omu 2, lakini rezista mbili za kugawa volteji, zikiungwa moja kwa moja kwenye besi, huliteremsha ingizo chini ya omu 50,000.

Bafa iwekwe karibu na ala, si karibu na amplifaya. Waya mrefu wenye impidansi kubwa hunasa mvumo wa hezi 50 kutoka nyaya za umeme wa jengo.

Zoezi: rudia hesabu kwa hezi 100 na amplifaya yenye ingizo la omu 47,000. Karibu nusu ya volteji bado hupotea.