ZAMU, LINDO NA KESHA

Leo tujifunze maneno matatu ambayo wengi huyachanganya.

Zamu ni wakati wa mtu kushika kazi kabla ya kupokewa na mwingine. Lindo ni mahali anapolinda. Kesha ni kukaa macho usiku kucha. Mitaani yote huitwa "shifti", na maana ikapotea.

Tuchukue mfano. Soja anaishi Sultan Hamud, Makueni, na lindo lake liko Nairobi, zaidi ya kilomita 100. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Kungoja matatu stejini na msongamano wa magari humla kama saa tatu kwenda, tatu kurudi. Haya, jumlisheni: 12 na 6 ni 18. Zimebaki saa sita za kulala, kula na kuangalia mbuzi. Mwenzake wa Kitui, aliye mbali zaidi, hupanga chumba mjini, watoto akawaona mwisho wa mwezi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Lakini saa za barabarani, kwa kawaida, halipwi.

Sasa, zamu haiwi zamu bila mpokezi. Asipofika, soja akaambiwa aendelee, hilo ni kesha juu ya kesha. Basi tukimkuta baba amelala mchana, tusimwite mvivu.

Zoezi: Tunga sentensi moja kwa kila neno.